Sukari Iliyoyeyuka kwa Mama Kabula

Ninyi mnaojifunza kazi ya bomba siku hizi, mjue mapema kwamba kazi yetu ikiwa nzuri haionekani. Mwashi akijenga ukuta, watu wanapita na kusema umenyooka. Fundi rangi anasifiwa na kila mgeni. Wewe bomba lako litafukiwa ardhini, litafunikwa kwa lipu, na hakuna atakayelikumbuka mpaka siku maji yatakapotokea mahali yasipotakiwa. Siku hiyo jina lako litatajwa, tena kwa sauti.

Mimi nimetajwa kwa sauti mara nyingi. Naitwa Maduhu, nimefanya kazi hii Bariadi tangu wakati sisi bado tuko chini ya mkoa wa Shinyanga, na sasa magoti yamekataa kuinama chini ya masinki. Juzi kijana mmoja alinichukua kwa pikipiki hadi Lagangabilili nikamwangalizie mabomba ya ofisi mpya. Mabomba ya plastiki, gundi, dakika chache yameshikana. Nilikaa kwenye kiti nikamwangalia akifanya kabla ya chakula cha mchana kazi ambayo mimi ningeifanya kwa wiki. Sikuona wivu. Nilimuuliza tu kama ameyajaribu maji kabla ya kupiga lipu. Akacheka. Nikajua hajayajaribu.

Niliianza kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, chini ya mzee aliyeitwa Lubango. Alikuwa na spana kubwa na maneno machache. Asubuhi alinitembeza kando ya mabomba, akaniambia niweke kiganja juu ya kila moja. Lenye maji lilikuwa la baridi, mara nyingine limetoka jasho. Kavu lilikuwa na joto la hewa tu. "Macho yanadanganyika," alisema, "kiganja hakidanganyiki." Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu napapasa bomba kabla sijasalimia, na mke wangu amenisema sana kwa tabia hiyo.

Mzee Lubango alikuwa na msemo mwingine. Alisema maji ni kama ng'ombe: usipoyafungia zizini yatakula shamba la jirani, na jirani hatakwenda kumshitaki ng'ombe.

Wakati huo viungo tulivifunga kwa katani na rangi ya mafuta. Unachana katani, unaizungusha kwenye nyuzi za bomba kwa kufuata upande wa kukaza, unapaka rangi, unakaza. Ukizungusha upande usio wake, katani inatoka yote kama nywele za mzee na bomba linavuja siku hiyohiyo. Kuna mwenzetu mmoja, mtu wa Binza kule Maswa, aliyekuwa akizungusha vibaya kila mara kwa sababu alikuwa anatumia mkono wa kushoto na hakuna aliyemwambia. Alihama mji akidhani amerogwa.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua. Sisi tulikuwa tumezoea kuomba kibali ili kupata koki moja, na ghafla koki zikawa zinauzwa barabarani, zimepangwa juu ya gunia pembeni ya nyanya. Bomba zikaja nyembamba, ukikata nyuzi unaona mwanga upande wa pili. Pamba nayo, iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake, ikaanza kununuliwa na watu binafsi wenye malori yao. Kiwandani kazi ikapungua mpaka tukawa tunakwenda kuangaliana. Mzee Lubango akarudi kwao kulima. Mimi nikachukua spana zangu nikaingia mtaani.

Kazi ya mtaani ilikuwa moja tu: maji ndani. Kila aliyepata fedha kidogo alitaka bomba liingie ndani ya nyumba na choo kiwe chini ya bati lilelile analolalia. Wazee walishangaa. Mzee mmoja alimuuliza mwanawe mbele yangu, "Kwa hiyo mkweo akija kukutembelea, atajisaidia huku anasikia unakula?" Kijana akageuka kunionyesha choo kitakapokaa. Nikaendelea kuchimba.

Sasa niwaambie habari ya Mama Kabula.

Mama Kabula alikuwa mjane. Mume wake, Shija, alikuwa karani, na walijenga pamoja nyumba kubwa karibu na barabara ya malori, ya tofali mbichi iliyopigwa lipu ya saruji kwa nje. Shija alipofariki, yule mama alifungua mgahawa uani. Madereva wa malori ya pamba walipenda wali wake. Wakaanza kumuuliza kama hana na vyumba vya kulala, na yeye akapata wazo la kuigeuza nyumba kuwa gesti. Akamwita mwashi mmoja, Elikana, abomoe na kujenga upya baadhi ya kuta, na akaniita mimi niingize maji na bafu.

Chumba cha mbele alikuwa amempangisha muuza duka kutoka Binza, anaitwa Deusi, kijana mwenye bidii na sauti kubwa. Aliuza sukari, chumvi, sabuni na viberiti. Sukari aliipata kwa magunia kutoka kwa wafanyabiashara wa Mwanza, na kwa kuwa sakafu ilikuwa mpya aliyapanga magunia moja kwa moja chini, bila hata ubao.

Na kulikuwa na Mayunga. Huyu ni mdogo wake marehemu Shija, mwenyeji wa Mkula, mwenye mji wake huko, ng'ombe wake na wake zake. Kaka yake alipokuwa hai hakuonekana sana Bariadi. Lakini barabara ile ilipoanza kupanda thamani, Mayunga akaanza kuja kila wiki, halafu kila siku chache, halafu akawa analala palepale. Alivaa koti hata wakati wa joto. Alisimama katikati ya uwanja na kunyoosha fimbo.

"Ukuta huu usogezeni huku."

Elikana angesogeza. Mama Kabula akitoka jikoni angemwambia arudishe. Angerudisha. Siku mbili tofali zilihama kama watalii.

"Fundi," Mayunga aliniambia asubuhi moja, "mambo ya nyumba hii unaniuliza mimi. Marehemu ni kaka yangu. Mwanamke hasimamii ujenzi."

"Aliyeniita ni mama," nilimjibu.

"Ndiyo, alikuita. Lakini nyumba ni ya ukoo."

Niliendelea kukaza kiungo. Fundi anayeingia katika ugomvi wa wenye nyumba hulipwa na wote wawili matusi. Lakini nilijua anachosema si upuuzi. Kwa desturi zetu mjane angeweza kabisa kuambiwa akae chini ya shemeji yake au arudi kwao. Wengi walishaambiwa hivyo na wakaondoka na sufuria zao. Nilisikia pia kwamba Mayunga amemwambia Deusi kuwa kodi inayofuata ampelekee yeye. Na nilisikia kwamba ametuma habari Mkula ili wazee wa ukoo waje Jumatatu, wakae, waseme nyumba ya Shija iko mikononi mwa nani.

Mama Kabula alijua yote haya. Alikuwa akipika tu.

Ijumaa nilimaliza kufunga koki ya bafuni. Bafu lenyewe lilikuwa bado halijaisha: sakafu ilikuwa haijasakafiwa, na tundu la kutolea maji machafu Elikana alikuwa ameliziba kwa karatasi za mifuko ya saruji ili udongo usiingie. Kati ya bafu na duka la Deusi kulikuwa na tundu chini ya ukuta, tulilotoboa kupitishia bomba, na lilikuwa bado halijazibwa. Kwa sababu hiyo nilifunga koki ya bafuni, na nilifunga pia koki kuu ya nje, ile ya gurudumu, karibu na mita. Nilikagua kwa kiganja. Nikaenda nyumbani.

Muelewe hali ya maji ya wakati ule. Yalikuja kwa mgao na mgao haukuwa na ratiba. Yangeweza kupotea mpaka watu wakasahau, halafu yakaja asubuhi moja kwa nguvu kama yanafukuzwa. Na gurudumu la koki kuu ya aina ile halikuonyeshi chochote. Likiwa limefungwa au limefunguliwa, linafanana. Usipolishika na kulizungusha hujui.

Jumapili natoka kanisani na mke wangu, mama mmoja akanipita mbio, kanga mkononi. "Fundi, maji yako yako barabarani!"

Hakusema maji ya mji, wala maji ya Mama Kabula. Alisema maji yako.

Nilipofika, watu walikuwa wameshajaa. Kutoka chini ya mlango wa Deusi ulikuwa ukitoka mkondo mwembamba wa rangi ya chai, unashuka hadi mtaroni. Watoto walikuwa wamechuchumaa kando yake, wanachovya vidole na kulamba. Nyuki walikuwa wameshafika. Deusi alikuwa ameketi kwenye ngazi, suruali imekunjwa hadi magotini, amenyamaza, na kwa mtu wa sauti kama yake kunyamaza kulitisha kuliko kelele.

Nilienda kwanza kwenye koki kuu. Nikalizungusha gurudumu. Lilizunguka, likazunguka, likazunguka. Lilikuwa wazi lote.

Nikafunga, nikaingia ndani. Koki ya bafuni nayo ilikuwa wazi. Maji yalikuwa yamejaa bafu zima, maana tundu la kutolea lilikuwa limezibwa, yakapata tundu la ukutani, yakaingia dukani. Ukuta wa kati, ambao kwa ndani ulikuwa tofali mbichi bila saruji, ulikuwa umelowana kwa chini ukawa kama ugali, na kipande chake kikubwa kilikuwa kimeangukia shelfu ya sabuni. Magunia ya sukari yalikuwa yamebaki ngozi. Umewahi kuona gunia la sukari lililolowa? Linakaa wima kwa muda, linaonekana zima, halafu ukiliegemea halina kitu. Chumvi ilikuwa pembeni yake na ilikwenda nayo. Wale watoto waliokuwa wakilamba upande wa kushoto walikuwa wanakunja nyuso.

Mama Kabula alirudi kutoka kanisani kwao, akiwa na nguo nzuri. Akavua viatu, akaviweka juu ya dirisha, akaanza kutoa vitu vya Deusi nje kimoja kimoja. Tukamsaidia.

Mayunga alikuja wa mwisho. Alisimama mlangoni na koti lake.

"Nilisema!" alipaza sauti. "Nilisema huyu fundi wa kiwandani atatuharibia nyumba. Maji yanaachwa wazi kama kwenye malambo! Nani atalipa?"

Watu wote walinigeukia. Nilisema nilifunga koki zote mbili Ijumaa. Nilisikia sauti yangu mwenyewe na ilikuwa kama sauti ya mtu anayedanganya. Mjue hilo pia: ukweli unaosemwa ukiwa umesimama ndani ya maji hausikiki kama ukweli.

Jumatatu asubuhi Elikana alinisubiri njiani. Alikuwa na macho mekundu. Alianza kwa salamu ndefu, mwangaluka, watoto hawajambo, mke hajambo, mpaka nikamwambia aseme.

"Jumamosi nilikuwa nachanganya saruji," alisema. "Maji ya pipa yakaniishia. Nikasema hapo uwanjani, jamani naomba maji. Mayunga akasema ngoja, mimi ndiye mwenyewe hapa, nitakufungulia. Akaenda kwenye mita akazungusha. Akaingia bafuni akafungua. Maji hayakutoka. Akasema basi, hakuna, nenda kisimani. Nikaenda kisimani."

"Akafunga?"

"Sikuangalia. Mimi nilichukua ndoo."

"Kwa nini hukusema jana?"

Alitazama viatu vyake. "Yeye ni shemeji wa mwenye kazi, na mimi ndiye niliyeomba maji. Nikisema, tunakuwa wawili."

Nilimwambia mchana atasema, apende asipende, au nitasema mimi. Sikuwa na hasira naye sana. Nilikuwa na watoto shuleni, na Bariadi ni mji mdogo. Fundi bomba akipewa jina la kuacha maji wazi, anaweza kuanza kulima.

Deusi alikuwa ameshamwita mwenyekiti wa mtaa. Na wazee wa ukoo nao walifika kutoka Mkula kama walivyoitwa, watatu, wamepanda lori la pamba, wana vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuja kwa kikao cha nyumba, wakakuta kikao cha sukari. Mwenyekiti akasema afadhali, wote wakae pamoja. Tukapangiwa viti vya mgahawa uani. Mama Kabula aliwapa wazee maji ya kunawa na chakula kwanza, maana hakuna kikao kinachoanza kwa njaa, kisha akaja akaketi kwenye mkeka upande wa wanawake.

Deusi alianza. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Mimi sijui koki, sijui tundu," alisema. "Mimi nimepanga chumba. Nimekuta mali yangu imegeuka uji. Hao mafundi sikuwaita mimi. Nataka mwenye nyumba anilipe, yeye ndiye atajuana na watu wake."

"Na wewe sukari unaweka chini kama magogo?" Mayunga alidakia.

"Niliweka chini kwenye sakafu kavu!"

Mwenyekiti akaniuliza. Nikasema nilichokifanya Ijumaa, na kwamba Jumapili nilikuta koki kuu imefunguliwa yote, jambo ambalo haliwezi kutokea lenyewe. Elikana akaulizwa. Akasema tundu la bafuni aliliziba yeye, tundu la ukutani tulitoboa wote, na ya Jumamosi hakuyagusa.

"Basi ni mafundi," Mayunga alisema. "Wagawane hasara, kikao hiki kiishe tuingie kwenye kikao chetu."

"Mafundi hawana hata nauli ya kunilipa," Deusi alisema. "Nimesema nataka mwenye nyumba." Kisha akageuka kwenye kiti chake akamkazia macho Mayunga. "Na si wewe uliyeniambia mwenye nyumba ni wewe? Si uliniambia kodi nikuletee wewe, nisimpe tena mama? Basi mali yangu nalipwa na wewe."

Wazee watatu waliinua vichwa. Mayunga alifungua kifungo cha koti, akakifunga.

"Mimi?" alisema. "Nilisema hivyo kama mtu wa familia. Kumsaidia shemeji."

"Ulisema mwenye nyumba!"

"Sikiliza, Deusi. Mimi nina mji wangu Mkula. Hapa ni mgeni tu. Huu ujenzi sikuuanzisha mimi. Mafundi hawakuitwa na mimi. Wewe mpangaji hukupangishwa na mimi. Mambo ya hapa yote ni ya shemeji."

Mzee mmoja wa ukoo, mkubwa kuliko wote, aliyekuwa akichokonoa meno kwa kijiti, alikitoa mdomoni.

"Mayunga," alisema, "tumepanda lori kwa sababu yako. Nyumba hii ni ya nani?"

Mayunga alimwangalia mzee, akamwangalia Deusi, ambaye alikuwa ameegemea mbele tayari kuruka. Nilikuwa nimekaa karibu na Mayunga na niliona jasho likitoka chini ya kofia yake. Nadhani wakati ule alikuwa anapiga hesabu ya ng'ombe.

"Ni ya shemeji," alisema. "Walijenga na marehemu. Ni yake."

Mama Kabula alikuwa ameinamisha kichwa wakati wote. Sasa akakiinua.

"Shemeji," alisema polepole, "sema tena kwa sauti. Babu yule wa pembeni masikio yake hayasikii vizuri."

"Nimesema ni yako! Nyumba ni yako na hasara ni yako!"

Babu wa pembeni akaitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema ya Jumamosi, saruji, pipa, mtu aliyezungusha gurudumu. Hata Elikana niliona anajikusanya kusimama. Mama Kabula alinitazama. Hakunikonyeza wala kutikisa kichwa. Alinitazama tu jinsi mama anavyomtazama mtoto anayetaka kuingia sebuleni wakati wageni wapo. Nikafunga mdomo.

"Basi wazee mmesikia, na mwenyekiti amesikia," alisema. "Nyumba ikiwa ni yangu, maji yaliyomwagika ndani yake ni yangu. Mafundi hawa wasisumbuliwe, walikuwa wananifanyia kazi mimi. Wewe Deusi utakaa kwenye chumba chako bila kodi mpaka wewe mwenyewe useme sukari yako imerudi. Ukuta nitaujenga, safari hii kwa tofali za kuchoma. Kama kuna mwenye neno, aseme wazee wakiwa bado wapo."

Deusi alisema yeye ameridhika. Mwenyekiti akaandika. Yule mzee mkubwa alimtazama Mayunga akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Sisi tulikuja kuuliza swali moja," alisema, "nalo limeshajibiwa. Lori linarudi saa ngapi?"

Mayunga alikuwa bado amekaa. Niliona inamfikia taratibu, kama maji yanavyopanda tofali mbichi, kutoka chini. Alisema, "Lakini wazee, kile kikao chetu—" na mzee akamwambia, "Mayunga, umekiendesha mwenyewe vizuri sana." Wakamshukuru Mama Kabula kwa chakula. "Wabeja, mayu," asante mama, walimwambia mmoja mmoja, na wakatoka kwenda kusubiri lori. Mayunga aliwafuata akijieleza mpaka barabarani.

Jioni nilibaki kukusanya vifaa vyangu. Nilimkuta Mama Kabula anasuuza vyombo.

"Mayu," nilimwambia, "kuna kitu hukijui. Koki ile ilifunguliwa na shemeji yako. Jumamosi. Elikana alimwona."

"Na mimi nilimwona," alisema.

Nilisimama na begi langu.

"Nilikuwa nachambua mchele dirishani. Nilimwona anazungusha lile gurudumu lako. Sikujua kama anafungua au anafunga, mimi na mabomba wapi na wapi. Jana nilipoona maji nikajua."

"Sasa kwa nini umekubali hasara? Ungesema tu. Yeye ndiye angelipa."

Aliweka sufuria kwenye kichanja, akaigeuza ikauke.

"Angelipa," alisema. "Ana ng'ombe, angeuza mmoja akamlipa Deusi mbele ya wazee wote. Halafu, fundi? Mtu aliyelipia hasara ya nyumba ni nani wa nyumba hiyo?"

Nilikuwa nimefanya kazi na maji miaka mingi, nikidhani swali la kila ugomvi ni nani aliyefungua koki. Nilichukua muda kumwelewa.

Baadaye nilibadilisha mambo kadhaa katika kazi. Koki kuu ya gurudumu, kila nilipoacha kazi haijaisha, nilifungua ile skrubu ya juu nikaondoka na gurudumu lenyewe mfukoni. Fanyeni hivyo, hata kama mwenye nyumba atawacheka. Sikuacha tena tundu la ukuta wazi hata usiku mmoja. Na niliwaambia wenye maduka waweke mbao chini ya magunia, ingawa hakuna aliyenisikiliza mpaka mvua zilipowasaidia kuelewa. Watu wa Bariadi waliniita Fundi Sukari kwa muda mrefu. Watoto waliokuwa wakilamba mtaroni siku ile sasa ni watu wazima, na bado mmoja wao ananiita hivyo sokoni.

Lakini jioni ile sikujua kama nitapata kazi nyingine mjini, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Umenitetea kwa wazee, nashukuru. Ila nje ya ua huu watu wanasema ni bomba langu. Hawatasikia habari ya kikao. Wameona mkondo wa sukari tu."

Mama Kabula alifuta mikono kwenye kanga. Alifikiri kidogo, na nadhani hakuwa anafikiri kuhusu mimi tu.

"Kesho uje mapema," alisema. "Uanze na vyumba vya nyuma, vyote. Upitie mlango wa mbele, wa barabarani, na spana zako mkononi, watu wakuone. Mtu akiona nimekurudisha baada ya yote haya, atajua kosa halikuwa lako. Atasema, mwenyewe amemwamini."

Kisha akanipita, akaenda hadi mlango wa duka ambako ukuta ulikuwa umeanguka, akaweka mkono juu ya tofali zilizobaki akizijaribu kama zimekauka.

"Nyumba yangu hii," alisema, "nataka maji yafike kila chumba."

Tangu nianze kazi pale alikuwa akisema nyumba ya marehemu.